Besi ya Chumba cha Eda

Mimi nina mdomo, sikatai. Abdurahman, mkubwa wa bendi yetu pale Diani, husema siku Mungu alipogawa subira mimi nilikuwa nimetoka kununua vocha. Basi aliponiambia niende Msambweni nikaiangalie besi ya marehemu Athmani, ile gitaa yake inayouzwa, nilimjibu kwa ukali wangu wa kawaida.

"Kwa nini usiende wewe? Wewe ndiwe mwenye bendi."

"Imo chumbani mwa mjane, naye yumo edani. Mwanamume wa kando atapitia wapi?"

"Si itolewe barazani uiangalie hapo? Ina mizizi?"

Akakuna kidevu, akatazama chini. "Shemeji yake amekataa kuigusa tena, Mwanarusi. Ati inalia yenyewe."

Nilicheka mpaka mpishi wa hoteli akachungulia dirishani. Lakini moyoni nilikuwa nimeshaamua kwenda. Besi yangu mimi ni ya kiwandani, shingo yake imepinda kwa unyevu wa bahari, na kila jioni naipiga kwa kuibembeleza. Ya Athmani ilikuwa kitu kingine. Ilichongwa kwa mkono na fundi mmoja mzee wa Ulaya ambaye hutengeneza chache sana, na mgeni aliyekuwa akija Diani kila mwisho wa mwaka akamwachia Athmani kwa mapenzi tu. Sisi wapiga besi wa pwani hii ya kusini tuliitazama vile watoto wanavyotazama sinia ya wakubwa. Nilikuwa naitaka, wallahi. Nilikuwa naitaka kuliko nilivyomwonea mjane huruma.

Athmani mwenyewe nilimjua kwa masikio kabla ya kumjua kwa macho. Alikuwa akifunga nyuzi nene kupita zote, akizibana kwa ule mkono wake wa kushoto mpaka glasi za mezani zinatikisika. Ukimtajia nyuzi nyembamba alikuwa akisema, "Hizo ni za kushonea kanzu." Halafu katika mwaka wake wa mwisho akaacha kupiga. Hotelini hakuonekana, harusini hakuonekana. Watu tukasema ameshiba, ameanza maringo. Mara tukasikia ameugua kifua, hata wiki haikutimia, na amekwishazikwa.

Nilifika Msambweni baada ya adhuhuri, begi mgongoni, ndani mna kiampu changu kidogo cha betri, cha kupazia sauti ya gitaa. Alamin, ndugu wa marehemu, alikuwa ameketi barazani na kofia yake ya kushonwa kwa mkono. Ni mtu mzima, mwili mkubwa, lakini alipoona begi langu alisogea pembeni.

"Shikamoo, kaka Alamin."

"Marahaba. Pita ndani, chumba cha mkono wako wa kulia. Ukimaliza, toka nayo moja kwa moja. Usiiweke hapa barazani."

"Imekufanya nini?"

"Wewe pita tu, mwanangu."

Nikabisha hodi. Sauti ikanikaribisha. Chumba kilikuwa na kiza kidogo, madirisha nusu, kioo kimefunikwa kanga. Bi Muhsina alikuwa ameketi kitandani na nguo zake nyeupe za eda, uso mtupu, hana wanja wala harufu yoyote ya udi. Mwanamke wa hamsini na kitu, mzuri bado. Macho yake yalikuwa mekundu ya mtu asiyelala. Na ukutani juu ya kichwa cha kitanda, kwenye msumari, ikining'inia besi ya Athmani, nyeusi-nyekundu kama kahawa iliyokolea.

"Shikamoo, bi Muhsina. Makiwa."

"Tunayo, mwanangu. Marahaba. Wewe ndiwe yule msichana wa besi?"

"Usichana umenipita kitambo, lakini ndimi."

Hakucheka. "Iangalie, mukubaliane na Alamin, uondoke nayo leo. Mimi siwezi tena kulala chini yake."

"Kwani hasa inafanya nini?"

"Utaisikia."

Hapo nikaanza kujitia ujuzi. Nikamweleza kwamba uzi mnene wa besi hudaka mtikisiko wowote: lori likipita barabarani, jenereta la jirani, spika ya msikiti. Uzi hauna akili, nikamwambia, ukisikia sauti inayolingana nao unaitikia. Jambo la kawaida kabisa. Yeye akanisikiliza kwa adabu, mikono mapajani.

"Stima zimekatika tangu asubuhi," akasema. "Na lori, umesikia lori?"

Sikuwa nimesikia lori. Sikuwa nimesikia chochote ila kuku wa jirani. Nikainuka niiteremshe, na kabla mkono wangu haujaifikia, ikalia. Sauti moja, nzito, ya chini, ile ambayo huisikii kwa masikio tu bali na kwa meno. Ikavuta, ikavuta, ikaishia ukutani.

Yarabi! Nywele zangu zilisimama ndani ya mtandio. Nikabaki mkono juu.

"Umeisikia," akasema Bi Muhsina. Ilikuwa kama ananipa pole. "Alamin naye ilimlilia mkononi. Wanasema niite wasomaji, wasome khitma tena. Khitma tumesoma. Mimi najua anachokitaka. Ananidai."

"Anakudai nini?"

"Radhi yangu."

Nikaketi kwenye kigoda. Naye akanisimulia, bila kulia, macho kwenye mkeka. Nadhani alikuwa amelibeba lile jambo mpaka limemchosha, akaona bora alitue mbele ya mtu asiyemjua.

Wana mtoto mmoja tu, Kibibi, ameolewa Mkongani. Siku ya harusi yake ukumbi ulijaa, wanawake kwa vigelegele, na kila mtu alijua kwamba baba ataipiga ile besi kwa ajili ya mwanawe. Athmani alikuwa amemwahidi tangu yuko mdogo wa kubebwa. Bibi harusi ameshaketi, wanamuziki wameshatengeneza nafasi, Athmani anaitwa. Akasimama mlangoni, mkono mfukoni, akasema mbele ya watu wote, "Mimi sipigi ngoma za bure." Akatoka.

"Mbele ya wakwe za Kibibi," akasema Bi Muhsina. "Mwanangu akainamisha kichwa. Sherehe ikafa. Usiku ule ule nikamwambia Athmani, sina radhi nawe. Hata ukifa, sina radhi nawe. Akanitazama tu. Tukaishi hivyo, chakula namwekea, nguo namfulia, maneno hapana. Ndipo kikamshika kifua."

Nyinyi mnajua desturi yetu. Maiti haitoki nyumbani mpaka mke aulizwe. Shangazi wa mume akaja nyuma ya pazia, akamwambia, Muhsina, mumeo anakwenda kwa Mola wake, umemsamehe? Umempa radhi yako? Akaulizwa mara ya kwanza, akaulizwa tena. Na Bi Muhsina hakufungua kinywa.

"Wanawake wakasema, amenyamaza, kunyamaza ni kukubali. Kama vile bibi harusi anavyoulizwa kwenye nikaha akanyamaza kwa haya. Wakapiga takbiri, wakambeba. Wakanisemea, mwanangu. Mimi nilikuwa nimekataa. Nilinyamaza kwa sababu nilikuwa nakataa, nikaona haya kulitamka mbele ya jeneza. Watu wote wanajua amekwenda na radhi yangu. Yeye peke yake anajua hakwenda nayo."

"Basi msamehe sasa," nikamwambia. "Si useme tu, liishe?"

"Nimesema. Ulimi unasema, moyo hautaki. Kila nikitaka, naliona lile neno lake, ngoma za bure. Naye hadanganyiki. Ndiyo maana inalia."

Mtu akiogopa, ashike kazi. Nikapiga bismillahi, nikaiteremsha besi, nikailaza mapajani, nikaanza kuikagua vile nilivyofundishwa.

Kwanza uzito na mbao. Mashallah. Mbao nzito pale panapotakiwa, nyepesi pale panapochosha bega. Nikaishika mfano wa bunduki, jicho moja nimelifumba, nikatazama shingo toka mwisho hadi mwisho. Imenyooka, haijapinda hata kwa unywele. Nikafungua kifuniko cha nyuma, betri ya ndani imevuja kidogo, kutu ya chumvi hapa na pale, mambo ya kusafisha. Funguo za kukazia nyuzi zinazunguka laini. Nikaanza kuchangamka, nikasahau kuogopa.

Halafu nikazitazama nyuzi.

Zilikuwa nyembamba. Nyembamba za kushonea kanzu, kama alivyosema mwenyewe. Tena zimeshushwa chini mno, zimelala karibu kugusa freti, vile vipau vya chuma vilivyopangwa shingoni. Nikachomeka kiampu changu, nikapiga uzi mmoja kwa nguvu zangu za kawaida. Krrr. Ukakwaruza chuma. Nikapiga mwingine, krrr. Nikatazama kichwani mwa shingo, pale penye kipande cha mfupa ambamo nyuzi hupita kila mmoja kwenye mfuo wake. Ile mifuo ilikuwa imechimbwa. Imechimbwa kwa tupa ya kunolea visu, ovyo ovyo, mfuo mmoja umekwenda upande, mwingine umepasuka ukingo.

Hapo damu ikanipanda.

"Ni mshenzi gani aliyeichinja besi hii?" Nikasahau niko nyumba ya msiba. "Tazama! Kitu cha fundi mzima, kimekwaruzwa na tupa kama jembe! Aliyefanya hivi hakuwa na mkono, alikuwa na kwato! Mmempa nani? Mmempelekea fundi wa pikipiki?"

"Hajapewa mtu," akasema Bi Muhsina. "Tangu alipokuja nayo mpaka alipokufa, hakuna aliyeigusa ila yeye. Hata kwa fundi wa Ukunda alikuwa haipeleki, aliitengeneza mwenyewe."

"Athmani? Haiwezekani. Athmani alikuwa akibadilisha nyuzi kwa kitambaa cheupe, mimi nimemwona. Asingetia tupa hapa."

"Nilimwona nayo hiyo tupa. Ameketi uani, ameipa nyumba mgongo, anakwaruza. Ilikuwa kabla ya harusi. Nikadhani anaitengeneza kwa ajili ya Kibibi."

Nikaigeuza besi niangalie nyuma ya shingo. Pale kidole gumba kinapokaa palikuwa pamebandikwa kipande cha mpira wa tyubu ya baiskeli, kimekatwa kwa makasi, kimechakaa katikati. Nikaweka gumba langu pale. Likakaa. Likakaa barabara, na vidole vyangu vingine vikafuata vyenyewe, vikaenda mahali ambapo mimi siendi, juu kabisa ya shingo, karibu na tumbo la besi, kule freti zinakobanana, kule ambako mkono haunyooshwi hata kidogo. Nilitaka kuuondoa mkono wangu, lakini haukuondoka upesi. Naapa sikuwa nimeuweka mimi.

Nikainamia freti. Za huku chini, upande wa kichwa, zilikuwa na mashimo ya zamani, marefu, ya nyuzi nene na mkono wenye nguvu, kazi ya miaka. Na kule juu, kwenye nyuzi mbili tu, palikuwa na mikwaruzo mipya, hafifu, ya mtu anayegusa na kukosa, anagusa na kukosa, mahali pale pale pamoja. Mtu huyu alijaribu. Jamani, alijaribu sana.

"Bi Muhsina," nikasema, na sauti yangu ilikuwa imeshuka. "Mkono wa kushoto wa mumeo ulikuwa na nini?"

"Haukuwa na kitu."

"Ulikuwa haushiki. Nyuzi hizi ameziteremsha ili asihitaji nguvu ya kuzibana. Amefunga nyembamba. Ametia mpira ili gumba lisiteleze. Haya mambo hafanyi mpigaji mzima. Na tupa imekwenda kombo kwa sababu mkono ulioshikilia ulikuwa unatetemeka. Kwa fundi hakuipeleka kwa sababu fundi angejua mara moja, kama nilivyojua mimi."

Akanitazama kwa hasira ya ghafla. Nilifurahi kuiona, ilikuwa ni uhai.

"Unatafuta bei ipungue. Mume wangu nimelala naye miaka yote, nisijue kwamba mkono wake ni mgonjwa?"

"Ule wa kushoto? Kwani alikula nao? Alisalimia watu nao? Alikupa kitu nao hata siku moja?"

Nani huuangalia mkono wa kushoto wa Mwislamu? Chakula kulia, salamu kulia, kupokea kulia, tasbihi kulia. Mtu wa kwetu anaweza kufiwa na mkono wa kushoto na nyumba nzima isipate habari.

"Mashati," akasema polepole. "Aliacha kuvaa mashati. Kanzu tu na fulana. Nikamwambia umezeeka vibaya, mbona hutaki vifungo?" Akaugusa mdomo wake. "Na ndoo. Maji alikuwa akichota kwa mkono mmoja. Nilimtania."

"Shika hapa," nikamwambia. Nikamwekea besi mapajani, nikamshika kidole chake cha shahada, nikakiweka juu ya uzi, kule juu. "Bana kidogo. Hata kidogo tu."

"Mimi? Sijaigusa maisha yangu."

"Bana."

Akagusa tu, kwa woga, vile mtu anavyogusa chungu kuona kama kimepoa. Nikapiga uzi kwa upole upande wangu. Sauti ikatoka, safi, nzima, ya mviringo, ikajaa chumba. Bi Muhsina akashtuka, akakitazama kidole chake. Akabana tena. Ikalia tena.

"Ni nyepesi hivi?" akauliza.

"Aliifanya iwe nyepesi hivyo."

"Hata mtoto angeweza."

"Hata mtoto."

"Na yeye hakuweza."

Alikuwa ameshajijibu. Uso wake ukabadilika taratibu, na mimi nikatamani ningekuwa nimebaki Diani nikiibembeleza besi yangu mbovu. Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua. Huyu hata kifo kilikuwa kimemsitiri. Nimemuumbua mimi na mdomo wangu.

"Kuna neno sikukwambia," akasema. "Baba yangu alikuwa mwalimu wa chuo cha Kurani, Maalim Shutu. Aliupinga ule mposo mpaka mwisho. Siku ya nikaha alisema mbele ya watu, mkono unaobana manyuzi hayo utanyauka, na wewe Muhsina utauona kwa macho yako. Athmani alicheka tu. Miaka ikapita, mkono mzima, nami nikawa namcheka baba." Akaipapasa shingo ya besi. "Usiku ule wa harusi ya Kibibi, nilipomaliza kumwambia sina radhi nawe, nilimwambia na hili: mkono usiompigia mwanawe, baba alisema kweli, na unyauke. Akautia mfukoni, mwanangu. Nilimwona. Akautia mfukoni akaenda kulala."

Hapo ndipo akalia. Alilia bila sauti, mabega tu, besi imo mapajani mwake. Na mimi nikalia, sioni haya kusema, nikalia kwa ajili ya mtu niliyemwita mwenye maringo kila nilipopata nafasi. Chumba kilikuwa kimya. Kulikuwa na kitu ndani ya ule ukimya kilichokuwa kinatusikiliza sote wawili, na safari hii sikutafuta lori la kulisingizia.

Alipotulia alijifuta kwa ukingo wa mtandio, akainyoosha shingo. "Athmani," akasema, sauti kavu lakini ya kweli, "nimekusamehe. Nimekuwia radhi duniani na akhera." Nikaona kwamba safari hii moyo ulikuwa umetangulia, ulimi ukafuata. Nikashusha pumzi. Nikadhani yamekwisha.

"Nipe simu yangu," akasema. "Kibibi lazima ajue. Mtoto amebeba aibu ya bure."

Akapiga, akaweka sauti ya nje kwa sababu masikio yake, alisema, yamejaa machozi. Kibibi akapokea mara moja.

"Shikamoo mama. Kuna nini? Unalia?"

"Marahaba, mwanangu. Sikiliza. Baba yako hakukataa kukupigia. Hakuweza. Mkono wake ulikuwa umekufa. Yupo dada hapa ameiangalia besi, amenionyesha. Hakukataa, Kibibi. Hakuweza."

Nilisikia mtoto analia huko Mkongani, na mlango unafungwa.

"Najua, mama," akasema Kibibi.

Bi Muhsina akaitoa simu mbele ya uso, akaitazama. "Unajua nini?"

"Aliniambia kabla ya harusi. Aliniita uani, akajaribu kunipigia, vidole vikamtoka. Akalia, mama. Sijawahi kumwona baba akilia. Akaniapisha kwa msahafu nisimwambie mtu. Sisi wawili ndio tuliopatana kwamba akatae mbele ya watu. Mimi nilikuwa najua atakalolisema."

"Na mimi? Mimi mkewe asiniambie?"

"Aliogopa laana ya babu. Alisema ukijua mkono umenyauka, utaona kweli uliolewa na laana, utajuta maisha yako yote na yeye. Bora umkasirikie, akasema." Kibibi akavuta pumzi. "Nilimwambia, baba, mama hatakusamehe. Akacheka. Akasema, mama yako namjua mimi. Atanung'unika, atanuna, lakini siku nikifa atanisamehe hata asipojua kitu. Kwa hilo sina wasiwasi."

Bi Muhsina alikuwa ameufumba mkono wake kwenye shingo ya besi. Vidole vimekuwa vyeupe.

"Na ulimsamehe, mama," akaendelea Kibibi. "Nilikuwa nimekushika bega pale nyuma ya pazia. Wallahi hilo ndilo linalonipa usingizi. Kwamba alisema kweli juu yako."

Bi Muhsina akainua macho akanitazama. Mimi ndimi mtu wa pekee aliyejua. Nilijua anachoniuliza kwa yale macho, na nilimtikisia kichwa, usiseme. Mimi mwenye mdomo, nilimwomba mtu anyamaze. Kibibi amepata usingizi, mwache alale nao. Nani ataumia?

Akatazama ukutani, pale penye msumari mtupu. Sijui aliona nini. Mimi niliuona msumari tu.

"Kibibi."

"Labeka, mama."

"Sikumsamehe."

"Mama?"

"Siku ile sikumsamehe, mwanangu. Nilikuwa nakataa. Wao ndio walionisemea. Nimemsamehe leo, sasa hivi, baada ya kujua. Radhi ya bila kujua, aliyoitegemea kwangu, sikumpa. Akazikwa bila ya radhi yangu."

Simu haikujibu. Haikukatika, ile namba ilikuwa bado inawaka kwenye kioo. Bi Muhsina akaishika kwa mikono miwili. Nikachomoa waya wa kiampu changu polepole, nikafunga begi. Besi nikaiacha pale pale mapajani mwake, wala sikuulizwa na wala sikuuliza. Nilipofika mlangoni alikuwa ameiinamia simu, anaiita kwa sauti ya chini.

"Kibibi? Kibibi mwanangu, upo?"